Uzito Usio Wake

Wifi yangu aliingia studio bila hodi, na taa nyekundu ya kurekodi, niliyosahau kuizima, ilikuwa inawaka mlangoni. Ningekuwa narekodi ningemtoa mbio. Bahati yake nilikuwa nakunywa chai na kumsonya peke yangu msanii mmoja aliyeniletea wimbo uliopasuka sauti mwanzo mpaka mwisho. Wifi aliweka flashi juu ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, akakaa kwenye kiti cha waimbaji, na hapo ndipo nilipomwangalia miguuni.

“Umevaa kandambili mguu mmoja na kiatu mguu mwingine,” nilimwambia.

“Niache. Mumeo angekuwa rumande ungekuja umevaa sufuria.”

Tulicheka kidogo, kisha akaanza kulia, na mimi nikamsogezea chai yangu. Mume wake ni kaka yangu mkubwa. Tangu sauti yake ivunjike tunamwita Besi, maana akisema “habari zenu” vikombe kabatini vinaitikia. Alikuwa amekamatwa kwa kumtishia mama yetu mzazi kwa simu, kisha kumchomea stoo. Moto ulikula stoo yote na nusu ya ukuta wa jikoni kabla majirani hawajauzima. Mama alitoka salama, ila tangu siku hiyo akisikia kiberiti kinawashwa anashika kifua.

Ushahidi ulikuwa mmoja, na ulitosha. Simu ya Mama ni ya zile zinazorekodi kila mazungumzo bila kuulizwa, na yeye mwenyewe hakulijua hilo. Siku ya moto simu ilimwagiwa maji ikafa, mpelelezi akaipeleka kwa fundi mmoja wa video za harusi aifufue. Ndani yake wakakuta mtu amepiga kwa namba iliyofichwa akisema kwa utulivu: hama kwenye hiyo nyumba, itaungua, usingoje ikukute ndani. Sauti nzito, ya polepole. Sote tuliposikilizishwa tulitazama chini. Mpelelezi alipomwuliza Mama kama hiyo ni sauti ya mwanawe, Mama alijibu ndiyo, akajifunika uso na khanga.

Na mimi niliamini, kwa nini nidanganye? Miezi michache nyuma Besi alisimama kwenye kikao cha familia akasema wazi kwamba nyumba ya marehemu Baba iuzwe, kila mtu apate chake, Mama akae kwetu kwa zamu. Mdogo wetu wa mwisho, tunayemwita Mpole, ndiye aliyepinga. Akasema Mama hahamishwi kama kabati. Wiki ile ile akafunga mizigo yake akahamia kwa Mama, chumba cha pili, ili asikae peke yake. Baada ya moto Mama akatangaza kwamba nyumba ataiandika kwa jina la Mpole, na hakuna aliyefungua mdomo kubisha.

“Wakili amenipa nakala,” Wifi alisema, akiielekeza flashi kwa kidevu. “Anasema tukifika mahakamani keshokutwa na sauti hii, kaka yako harudi leo wala kesho. Nakuomba uisikilize. Si kwa sikio la dada. Kwa sikio la kazi.”

“Na nikisikia ni yeye?”

“Basi uniambie wewe, nijue kulala kitanda kizima.”

Aliondoka akiburuta ile kandambili. Nilifunga mlango, nikavaa hedifoni.

Mara ya kwanza nilisikia alichosikia kila mtu. Besi, na hasira zangu kwake zikapanda upya. Mara ya pili nilijilazimisha niache maneno nisikilize chumba. Ndiyo kazi yenyewe: mtu yeyote anasikia maneno, fundi anasikia kilicho nyuma yake. Mama alikuwa ameweka simu kwenye spika, kama kawaida yake, na alikuwa jikoni. Nilisikia kijiko kikigusa kikombe. Nilisikia friji lake likinguruma.

Lile friji nalijua. Nimelifuta, nimelipiga teke, nimelilalia mgongo nikizungumza na wavulana kwa siri. Na hapo kwenye hedifoni halikuwa lenyewe. Lilinguruma chini ya mahali pake, kama limezeeka.

Nilifungua kipimo cha mitetemo ya sauti kwenye kompyuta. Umeme wa kwetu hupiga mara hamsini kwa sekunde, na friji huvuma maradufu yake, mia moja, liwe la tajiri au la fukara. Hili la kwenye flashi lilikuwa linavuma tisini na mbili, chini kidogo. Nilisukuma kiti nyuma. Friji halina kaka wala mdogo. Halina sababu ya kusema uongo.

Niwaelezeni, maana hata wakili nilimwelezea mara tatu. Sauti ikiingia kwenye kompyuta hukatwa vipande vidogo sana. Watu wa video wanakata vipande elfu arobaini na nane kwa kila sekunde. Sisi wa muziki wengi wetu tunakata elfu arobaini na nne na mia moja. Hakuna ubaya, mradi faili likihama studio lihame na namba yake, na anayelipokea alibadilishe kwa utaratibu. Mvivu akilifungua kwa namba ya kwake, vipande vinabaki vile vile ila vinatolewa polepole. Maneno yanaburuta miguu na sauti inashuka. Haishuki sana, mtu hageuki zimwi. Anaongezeka kifua tu, anaongezeka umri.

Nilimpigia yule fundi wa harusi.

“Ile sauti ya mama mwenye nyumba iliyoungua, ulihifadhi kwa namba gani?”

“Arobaini na nane. Mimi mtu wa video, kila kitu arobaini na nane.”

“Ukawapa polisi?”

“Hapana. Niliona ina makelele, nikampelekea jamaa wa studio ya kwaya aisafishe. Mimi makelele siyawezi.”

Jamaa wa studio ya kwaya nilipompigia nilimkuta anakula, nilisikia anatafuna. Nikamwuliza alivyolipokea faili.

“Lilikuja kavu, halina maelezo. Nikalifungua kwa arobaini na nne kama kazi zangu zote. Lilifunguka bila tatizo.”

“Hukushangaa kwamba limekuwa refu kuliko alilokutumia mwenzako?”

“Dada yangu, mimi napima urefu wa faili la mtu?”

Ningekuwa na mamlaka ningemnyang'anya kompyuta nikamwachia hiyo sahani. Alikuwa amelisafisha vizuri, hilo nampa, halafu akaligonga muhuri wa namba yake, na kutoka hapo kila aliyelifungua aliona kitu halali. Polisi, wakili, sisi wa familia, sote tulisikilizishwa mtu aliyepunguzwa mwendo. Niligawa namba ya kwaya kwa namba ya harusi, nikalinganisha na friji. Zilikubaliana mpaka kwenye desimali.

Marekebisho yenyewe ni kazi ndogo ya kutia aibu. Hugusi sauti hata kidogo. Unafuta namba ya uongo, unaandika ya kweli, kisha unaibadilisha kwa utaratibu kwenda namba unayotaka. Nilifanya hivyo kwa furaha, nikijua kwamba Besi anatoka. Sikuwa nimefikiria hatua moja mbele. Sikuwa nimejiuliza, kama sauti si ya Besi, basi ni ya nani.

Nikabonyeza.

Friji likapanda likakaa mahali pake, mia kamili. Kijiko kikalia kama kijiko. Kisha yule mtu akazungumza, mwepesi, wa haraka kidogo, na mwisho wa kila sentensi akaongeza “eh?” ndogo, kama anayekuhimiza ukubali. “Hama kwenye hiyo nyumba, eh? Itaungua, Mama. Usingoje ikukute ndani, eh?” Ile “eh” ilipopunguzwa mwendo ilikuwa imegeuka mguno, na Besi ana mguno, na sote tulikuwa tumeichukua kama yake. Lakini hii nilikuwa nimeisikia tangu ikiwa na meno ya utoto. Dada nipe, eh? Dada usimwambie Mama, eh?

Mpole. Mpole aliyelala chumba cha pili na ufunguo wa nyumba nzima mfukoni mwake.

Akili ya haraka iliniambia nipeleke kwa mpelelezi pale pale. Akili ya pili ikaniambia wakimfuata, wanamkuta na nani? Nilitaka kwanza nimtoe Mama. Nilijua mchana Mpole huwa kazini, anauza vipuri vya pikipiki mtaa wa tatu kutoka kwa Mama. Nikahifadhi nakala studio, nikabeba laptopu na hedifoni, nikaenda.

Mama alikuwa sebuleni anachambua mchele kwenye ungo. Ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa bado mweusi juu, na harufu ya moshi ilikuwa imeingia kwenye mapazia. Alikuwa amepungua. Alinipokea kwa maneno mengi kuliko kawaida yake, kwamba nimekonda, kwamba nitaolewa lini na hizo kompyuta.

“Mama, vaa viatu twende kwangu.”

“Nina mchele hapa.”

“Mchele utachambuliwa kwangu. Mpole yuko wapi?”

“Yupo jikoni, anaosha vyombo. Leo hakwenda kazini.”

Nikasikia kweli maji ya bomba na sahani zikigongana. Hapo ningegeuka, au ningezungumza habari za hewa. Lakini nilikuwa na hedifoni begani, na hedifoni ni kitu cha siri, hakuna anayesikia zaidi ya aliyevaa. Nilijiona mjanja. Nilikaa karibu yake, nikamwambia kwa kunong'ona, “Sikiliza hii, usiseme kitu,” nikamvalisha juu ya kilemba, nikabonyeza.

Nilimtazama uso. Nilitegemea mshangao, nilitegemea kilio, nilikuwa nimeshaandaa mkono wa kumshika. Hakushtuka. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika punje moja ya mchele kati ya vidole, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesomewa jambo alilokwisha kulijua.

Kila anayefanya kazi yangu anajua kosa nililofanya, maana tunawacheka waimbaji wapya kwa hilo kila siku. Mtu akivaa hedifoni hajisikii, kwa hiyo anapaza sauti. Unamwambia kitu, anakujibu kama yuko ng'ambo ya mto. Nilikuwa natakiwa nimvue kabla hajajibu.

“Nilimjua siku ile ile,” Mama alisema, kwa sauti ya kujaza nyumba. “Mama asijue sauti ya mwanawe?”

Nilimvua haraka. Maji ya bomba yalikuwa yamefungwa.

“Mama, polepole,” nilinong'ona. “Kwa nini ulimwambia mpelelezi ni Besi?”

Na yeye sasa akanong'ona. “Sikumwambia ni Besi. Aliniuliza kama ni mwanangu. Nikasema ndiyo. Hakuuliza yupi.”

“Lakini wamemfunga Besi.”

“Besi ana kifua. Ana mke, ana wewe. Atatoka siku moja.” Alirudisha ile punje kwenye ungo. “Nyinyi mnakuja Jumapili mnakula mnaondoka. Anayelala chumba cha pili ni huyu. Usiku nasikia anatembea, anakuja anasimama mlangoni kwangu. Hasemi kitu. Anasimama tu mpaka nimwambie, mwanangu, nyumba ni yako.”

Nilimshika mkono nimwinue. Alikuwa mzito kuliko mwili wake.

Mpole alitokea akijifuta mikono kwa taulo la jikoni. Ana uso mzuri, wa kitoto, watu wazima humpenda mara moja. Alinisalimia shikamoo kama alivyofundishwa, nikaitikia.

“Mnasikiliza nini, Dada?”

“Kazi ya kwaya.”

“Na mimi nisikie, eh?”

Alichukua hedifoni kutoka kwenye paja langu, akavaa, akabonyeza mwenyewe. Alisikiliza yote amesimama, kichwa kimeinama upande, taulo begani. Mama aliendelea kuchambua mchele, anatoa mawe ambayo sikuyaona. Mpole alipomaliza alivua taratibu, akakunja waya vizuri, mkunjo wa mafundi niliomfundisha mimi mwenyewe.

“Umeondoa uzito wote,” alisema. Alikuwa ameshika adabu ya kuvua hedifoni kwanza, kwa hiyo hakupaza. “Ile nyingine wewe hukuitengeneza?”

“Hapana. Ni kosa la mafundi.”

“Mimi nilidhani Mungu amenisaidia,” alisema, na akatabasamu kidogo. “Siku tuliyosikilizishwa pale kituoni, nusura nizimie. Halafu nikawaona nyote mnatazama chini. Wewe Dada ndiye ulikuwa wa kwanza.”

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli.

“Nani mwingine anayo hii?”

“Ipo studio.”

“Kwa nani?”

“Kwangu tu.”

“Basi irudishe ilivyokuwa, eh? Ni kazi ya kubonyeza mara moja, nimekuona ukifanya.”

“Mrudishie, mwanangu,” Mama alisema bila kuinua macho. “Mrudishie tupumzike.”

Nilisimama. Nilimwambia Mama kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tunakwenda sokoni, avae viatu tuondoke. Hakusogea. Nikarudia. Mpole akaenda mwenyewe pembeni ya mlango, akachukua viatu vya Mama, akavitazama soli, akaviweka juu ya kabati, mahali ambapo Mama hafiki.

“Amechoka,” alisema. “Nikusindikize.”

Akanifungia laptopu, akanipa, akanishika kiwiko kwa upole wake ule ule. Tukapita ukuta mweusi, tukapita mahali palipokuwa stoo, ambapo sasa palikuwa pamefagiliwa vizuri na pameanikwa nguo za Mama, khanga zake mbili na shuka. Jua la alasiri lilikuwa kali. Jirani mmoja alitusalimia juu ya ukuta, akamsifu Mpole kwa kumtunza mama yake, na Mpole akashukuru.

Langoni alisimama.

“Dada, mimi sikulazimishi. Kaka ana mke wa kumlilia, ana wakili. Mama hapa ana mimi tu. Kwa hiyo ukifika studio fikiria vizuri, eh?”

Alifunga lango, nikasikia komeo likiingia.

Nilisimama barabarani nimeshika laptopu kifuani. Ningerudisha namba ya uongo, Mama angelala salama leo na kesho, mpaka lini sijui, na Besi angeozea ndani kwa friji lililozeeshwa na mtu anayetafuna. Ningepeleka ya kweli, Besi angetoka. Na kati ya kuipeleka na polisi kufika kulikuwa na muda, na muda huo Mama alikuwa wa Mpole.

Nilibonyeza kengele. Nikaita, “Mama.”

“Mama amelala,” Mpole alijibu kutoka ndani. Hazikuwa zimepita hata dakika tano tangu nimwache na ungo mapajani.

Ndipo nilipompigia mpelelezi. Sikusogea kwenda kona wala sikunong'ona. Nilizungumza pale pale, mdomo karibu na bati la lango, kwa sauti ya mtu aliyevaa hedifoni. Nilisema kaka yangu mkubwa hana hatia. Nilisema sauti ni ya mdogo wangu, nakala iko studio kwangu, nimewaambia na mafundi wawili, jambo ambalo halikuwa kweli. Nilisema yuko ndani na mama yangu sasa hivi, waje. Hesabu yangu ilikuwa hiyo: akijua siri imekwishatoka, hatakuwa na sababu tena ya kumgusa Mama. Ilikuwa hesabu ya kukimbizwa, lakini ndiyo niliyokuwa nayo, na kwa Besi peke yake ilitimia: aliachiwa siku hiyo hiyo.

Mpelelezi akasema wanakuja. Nilikata simu nikaweka sikio kwenye bati. Nikaita Mama. Nikaita tena kwa nguvu mpaka yule jirani akachungulia juu ya ukuta. Nikamwita na Mpole kwa jina lake la shule. Safari hii hata yeye hakuitikia.